Fidia ya ukame, majani yakiwa mabichi

Wadau, kisa hiki cha Texas sichoki kukisimulia. Mwaka 2002 ukame uliwabana wafugaji wengi wa Marekani, serikali ikaanza kuwalipa: dola 18 kwa ng'ombe wa nyama, dola 31.50 kwa wa maziwa. Kuthibitisha hasara hakukutakiwa. Ilitosha kaunti yako iwe imetangazwa kuwa na maafa ya ukame.

Mwaka 2003 wabunge wakalegeza sharti: maafa yoyote yaliyotangazwa yanatosha. Sasa, tarehe 1 Februari mwaka huohuo chombo cha anga cha Columbia kilipasuka, wanaanga 7 wakafa, vipande vikamwagika mashariki mwa Texas. Rais akatangaza hali ya dharura. Basi na wafugaji wa huko wakapata hela ya ukame!

Julai 2006 gazeti la Washington Post likafukua: zaidi ya nusu ya dola bilioni 1.2 zilikwenda kusikokuwa na ukame, au kulikokuwa na ukame wa wastani tu. Wafugaji siwalaumu sana, jamani, nani angeirudisha hundi? Kinachoniuma ni yule ambaye malisho yake yalikauka kweli. Naye alilipwa dola 18 zilezile.