Flashi Yako Haijakufa: Historia ya Tundu la USB Lililofungwa Kazini

Wasee, leo tuongee kuhusu kitu kinakera kila mtu amewahi kukanyaga ofisi kwa atachimenti. Unachomeka flashi, taa inawaka, halafu kimya. Unachomoa, unapuliza, unachomeka tundu lingine. Bado. Unauliza, unajibiwa "hairuhusiwi," basi. Hakuna anayekuambia kwa nini. Na ripoti yako ya chuo iko ndani ya hiyo flashi, na lekchara anaitaka Ijumaa.

Mimi nadhani hiyo "kwa nini" ni haki yako. Na jibu lake ni historia tamu kuliko nyingi tulizokariri shule.

Virusi kusafiri mfukoni mwa mtu ni mambo ya zamani kuliko intaneti ya mtaani kwenu. Mwaka wa 1982 kijana wa Marekani wa miaka 15, Rich Skrenta, aliandika Elk Cloner, programu iliyoruka kutoka diski moja laini hadi nyingine kwa kompyuta za Apple II. Ilikuwa mzaha tu. 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, wakatoa Brain, na hiyo ikazunguka dunia kwa diski zilizopitishwa mkono kwa mkono.

USB yenyewe ilizinduliwa 1996. Flashi za kwanza zikaingia sokoni mwaka wa 2000, na ile iliyouzwa na IBM ilibeba megabaiti 8. Unacheka? Diski laini ya wakati huo ilibeba 1.44, kwa hivyo ka-flashi kamoja kalimeza zaidi ya diski tano. Kila mtu alikataka.

Shida ni kwamba Windows ilikuwa na tabia moja tangu 1995: ukiweka CD, inasoma faili inayoitwa autorun.inf na kuanzisha programu bila wewe kusumbuka. Nia ilikuwa nzuri. Wahalifu nao wakaona kwamba faili hiyo inaweza kukaa hata ndani ya flashi. Mwisho wa 2008 kukatokea Conficker, na matoleo yake ya baadaye yalijipandikiza kwa flashi kwa njia hiyo hiyo. Kama ulikuwa unaenda saiba enzi hizo, unakumbuka dada zake: folda zako zote zimegeuka njia za mkato, na jamaa wa saiba anakuambia uifomati tu.

Lakini kilichofunga milango ya ofisi kabisa kilitoka jeshini. Mwaka huo huo wa 2008, flashi moja ilichomekwa kwa laptopu ya jeshi la Marekani kwenye kambi fulani Mashariki ya Kati. Ilikuwa na mdudu aliyeitwa agent.btz. Akaingia hadi mitandao ya siri, na kumsafisha kukachukua zaidi ya mwaka. Novemba 2008 Pentagon ikapiga flashi marufuku, na haikulegeza mpaka Februari 2010. Miezi michache baadaye dunia ikasikia kuhusu Stuxnet, iliyolenga mashine za nyuklia za Natanz, Iran. Hizo kompyuta hazikuwa kwa intaneti. Stuxnet ilijua kuruka kwa flashi, na kufungua tu folda na kuangalia ikoni zake kulitosha kuambukizwa.

Februari 2011 Microsoft ikasukuma sasisho la kuzima ile tabia ya autorun kwa flashi kwenye Windows XP na Vista. Tukadhani yamekwisha. Wapi! 2014 watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell wakaonyesha kwamba flashi inaweza kuandikwa upya kutoka ndani ikajitambulisha kama kibodi, ikaanza kuchapa amri yenyewe.

Hapo ndio ufunguo wa kuelewa kompyuta ya kazi. Kila kifaa cha USB hujitambulisha kikiingia: mimi ni mausi, mimi ni kibodi, mimi ni hifadhi. Ofisi nyingi huzuia "hifadhi" pekee. Ndio maana mausi inapita kwa tundu lile lile lililokataa flashi yako.

Kwa hivyo pima hivi. Mausi ikifanya kazi kwa tundu hilo, tundu ni zima. Flashi ikifunguka kwa kompyuta ya nyumbani ambayo ina antivirusi, flashi ni nzima. Basi kilichobaki ni sheria ya ofisi. Ikifunguka kazini lakini ikakataa kuhifadhi, wamezuia kuandika na kuacha kusoma. Windows inaruhusu kutenganisha hayo mawili. Na kompyuta ikikuambia ufomati kwanza, kataa. Ukikubali, ripoti imeenda.

Kuna video za kukuonyesha ubadilishe namba fulani kutoka 4 hadi 3 ili dereva wa flashi aamke. Kwa kompyuta yako, sawa. Kwa ya mwajiri, hiyo ni kuvunja kufuli, na wewe ndiye uko kwa atachimenti. Nani ataulizwa?

Sasa maoni yangu. Kufuli ni halali. 2017 flashi ya uwanja wa ndege wa Heathrow iliokotwa barabarani London ikiwa na mambo ya usalama na bila nywila. Mwaka uliofuata uwanja ukapigwa faini ya pauni 120,000. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ofisi iripoti uvujaji wenye hatari kwa watu ndani ya saa 72. Namba yako ya kitambulisho ikiwa kwa flashi ya mtu kwa matatu, wewe pia utataka hilo kufuli.

Ila kufuli bila mlango mbadala halizuii kitu. Ukimnyima mtu flashi na humpi njia ingine, atatuma faili ya kazi kwa WhatsApp yake ama barua pepe yake binafsi, na hapo data imetoka bila hata kugusa tundu. Hiyo si usalama. Ofisi iweke folda ya pamoja, ama flashi yake yenye nywila, ama kompyuta moja ya kukagua flashi za wageni. Na imwambie kijana sababu siku ya kwanza, dakika tano tu.

Na wewe, kabla Ijumaa ifike, mwandikie mtu wa IT: faili ni gani, ya nani, inaenda wapi. Ombi lililoandikwa ni gumu kupuuza kuliko swali la pale koridoni.