Treni za kifahari za dizeli: Ulaya ilivyoukwepa ugomvi wa umeme

Mnaotembelea blogu hii mnajua ninavyopenda habari za viwango, yaani yale makubaliano yanayofanya mashine ya huyu ielewane na mashine ya yule. Leo tuziache kompyuta kidogo, tupande treni.

Miaka kumi hivi baada ya Vita Vikuu vya Pili, reli za Ulaya Magharibi zilikuwa zinapoteza wateja wenye pesa. Baadhi walikuwa wamenunua magari, wengine walikuwa wanapanda ndege. Ndipo F. Q. den Hollander, mkuu wa shirika la reli la Uholanzi, akaleta wazo la mtandao wa treni za kasi zenye daraja la kwanza pekee, zivuke mipaka bila kucheleweshwa, maafisa wa forodha na pasipoti wafanye kazi yao humo humo ndani huku treni ikienda. Mtandao huo, Trans Europ Express au TEE kwa kifupi, ulianza tarehe 2 Juni 1957, miezi miwili na kidogo baada ya Mkataba wa Roma kutiwa sahihi. Waliojiunga ni mashirika ya reli ya nchi sita za mkataba huo, na la Uswisi likiwa la saba.

Lakini subiri. Uswisi ilikuwa na umeme karibu kila mahali kwenye reli zake, na Uholanzi nayo ilikuwa imefika mbali. Mbona basi treni za mwanzo za TEE, kwa sehemu kubwa, zilikuwa za dizeli?

Ni kwa sababu umeme wenyewe haukuwa mmoja. Uholanzi ilitumia volti 1500 za mkondo mnyoofu, aina ile ya betri. Ubelgiji na Italia, volti 3000 za mkondo huo huo. Ujerumani Magharibi na Uswisi zilikuwa na volti 15,000 za mkondo geu, tena wa mizunguko 16 na theluthi mbili kwa sekunde, si 50 kama ya soketi yako ya nyumbani. Ufaransa ilikuwa na mbili: volti 1500 kwenye njia zake za zamani na 25,000 kwenye mpya. Kila nchi ilikuwa imechagua kivyake, imeshamwaga pesa nyingi, na hakuna aliyekuwa tayari kung'oa nyaya zake ili kumfurahisha jirani.

Chukua treni ya Edelweiss, iliyotoka Amsterdam hadi Zürich kupitia Ubelgiji, Luxembourg na Ufaransa. Nchi tano! Kwa umeme ungelazimika kubadilisha kichwa cha treni njiani mara kadhaa, na kila badiliko linakula dakika. Dizeli haijali waya ulio juu yake. Wenzangu waandishi wa programu wataelewa nikisema ni kama programu iliyobeba maktaba zake zote ndani yake: nzito kidogo, lakini unaiweka kwenye mashine yoyote na inafanya kazi.

Den Hollander alitaka pia treni zenyewe ziwe za muundo mmoja kwa wote. Hilo lilishindikana. Walichokubaliana ni masharti: kasi ya kilomita 140 kwa saa, daraja la kwanza, chakula ndani, rangi nyekundu na ya maziwa. Baada ya hapo kila mtu akajijengea. Wajerumani walitengeneza VT 11.5 yenye pua ya mviringo na kichwa cha injini kila upande, nguvu zikipitishwa kwenye magurudumu kwa mafuta ya haidroli. Waswisi na Waholanzi wakashirikiana kujenga tano ambazo injini yake huzalisha umeme wa kuendesha mota, mtindo ule ule wa vichwa vya dizeli vya Madaraka Express iliyoanza hapa kwetu 2017. Waitaliano wakaleta za mabehewa mawili tu. Wafaransa, kwa maoni yangu, ndio waliofanya kazi kidogo kuliko wote: walichukua aina ya treni zao za kawaida za dizeli wakazipamba. Na bado mtandao ulifanya kazi, kwa sababu abiria alinunua huduma, hakununua injini.

Ila njia hii ya kukwepa haikudumu. Mwaka 1961 Waswisi walitoa treni ya umeme, RAe TEE II, iliyoweza kutumia aina zote nne za umeme. Ilikwenda Milano hadi Paris bila kujali waya ni wa nani. Kuanzia hapo dizeli ilikuwa inasubiri zamu yake ya kuondoka, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 treni zile za 1957 zilikuwa zimetolewa kwenye TEE. Mtandao wenyewe uliendelea kwa umeme, ukafifia, na mwaka 1987 EuroCity, yenye daraja la pili pia, ikachukua nafasi yake.

Zile tano za Waswisi na Waholanzi zilikuwa na mwisho wa ajabu. Moja iliangamia tarehe 9 Februari 1971 huko Aitrang, Bavaria, ilipoingia kwenye kona kwa kasi iliyopita sana kiwango kilichoruhusiwa. Treni ndogo iliyotoka upande wa pili ikayagonga mabaki, na watu 28 wakafa. Nne zilizobaki ziliuzwa Kanada, zikawa treni ya Northlander kutoka Toronto kuelekea kaskazini mwa Ontario. Injini zao hazikuyaweza mazingira ya huko. Baada ya miaka michache tu ziliwekwa kando, na mabehewa ya kifahari ya Ulaya yakaendelea kuvutwa na vichwa vya dizeli vya Kimarekani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.