Mpokea madau

Kwenye vijiwe vya Dar es Salaam, aliyeshinda mkeka, yaani tiketi ya kubeti inayounganisha mechi kadhaa, husema amempiga Mhindi. Ukichanika, Mhindi kamla. Mhindi huyo ni kampuni yoyote inayochezesha kubeti, awe mwenye mali ni Mtanzania, Mzungu au mtu wa taifa lolote. Jina hilo linaniudhi. Linaitwisha jamii moja mzigo wa biashara ya watu wa kila rangi, na kuhusu kazi yenyewe halisemi kitu. Lakini mtaa ulihitaji jina, na wenye kusanifu lugha hawakuupa lililoshika.

Maneno ya jirani tunayo tele. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inasema michezo ya kubahatisha, istilahi pana inayobeba kasino, bahati nasibu na mashine za sarafu. Kampuni zinapenda ubashiri, neno lenye asili ya Kiarabu cha kuleta habari njema, nalo humpandisha mteja cheo akajiona mjuzi wa soka. Msikitini na kanisani ni kamari, basi. Yote hayo yanataja mchezo au mchezaji. Aliye upande wa pili wa dau hatajwi.

Huyo kazi yake ni kuuza bei, na bei hiyo ndiyo odi. Chukua mechi ambayo mwenyeji amepewa 2.00, sare 3.20 na mgeni 4.00. Tuseme wateja wameweka shilingi 50,000 kwa mwenyeji, 31,250 kwa sare na 25,000 kwa mgeni. Zimeingia 106,250. Sasa piga hesabu ya malipo, yaani dau mara odi: mwenyeji akishinda, zinatoka 100,000, ikiwa sare, 100,000, mgeni akishinda, 100,000 zilezile. Zile 6,250 zimebaki mezani kabla refa hajapuliza filimbi. Mwenye odi hakubashiri chochote. Alipanga bei, akaandika daftarini nani kaweka nini, na upande mmoja ukielemewa anashusha odi yake ili fedha zihamie kwingine. Daftari hilo la madau ndilo lililompa jina lake la Kiingereza, bookmaker, na Harry Ogden wa Newmarket, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18, hutajwa kuwa wa kwanza kutangaza bei tofauti kwa kila farasi. Tukilitafsiri jina hilo neno kwa neno tutapata mtunga vitabu, na hapo tutakuwa tumemtaja mwandishi.

Wapo wanaopendekeza mchezeshaji. Kwenye soka neno hilo lina mwenyewe: aliyechezesha mechi ni mwamuzi, na sentensi kama “mchezeshaji amekula fedha” itamchafulia jina mtu asiyehusika. Mimi nachagua mpokea madau. Mpwani anaweza kufikiria kwanza vyombo vya baharini, maana dau la kuvulia nalo wingi wake ni madau, ila muktadha humaliza shaka hiyo haraka.

Pingamizi zito zaidi ni la dirishani: karani naye si anapokea? Anapokea fedha. Dau hulipokea yule anayebeba ahadi ya kulipa. Uingereza ilipopiga marufuku kubeti mitaani mwaka 1906, wapokea madau waliwatumia watu wa kuzunguka kukusanya vikaratasi na sarafu, mpaka maduka ya kubeti yaliporuhusiwa mwaka 1961. Wazungukaji wale walilipwa kamisheni, lakini deni la ushindi halikuwa lao. Hao tuwaite mawakala.

Kuna na mfumo usio na mpokea madau kabisa. Joseph Oller aliuanzisha Paris katika miaka ya 1860: fedha zote za mbio moja huingia mfuko mmoja, mwendeshaji hukata chake, zinazobaki wanagawana waliopatia. Hapo wachezaji wanashindana wao kwa wao. Mfuko wa pamoja unatosha kuwa istilahi yake.

Mkeka nauacha kama ulivyo, na ningependa uingie kamusini kwa maana hii mpya. Mtaa umeuita vizuri: ukindu mmoja ukikatika, kazi yote imeharibika. Ila kamusi iongeze kile ambacho mtaa hausemi. Katika mechi yetu ya juu, kwa kila shilingi 100 zilizowekwa zilirudi kwa wateja kama 94. Unganisha mechi 5 za aina hiyo kwenye mkeka mmoja, na makato yanazidishana kama odi zinavyozidishana: kwa wastani zinarudi kama 74. Kijana anaona odi ya mkeka ikipanda, anadhani amepata bei nzuri, kumbe kila mechi anayoongeza inampa mpokea madau fungu kubwa zaidi la hela yake.