Maneno ya Amri katika Maswali ya Mtihani

Maneno ya amri ni vitenzi vinavyomwelekeza mtahiniwa namna ya kujibu, wala si jambo la kujibu tu. Huko Manguredjipa, eneo la Lubero, magharibi ya Butembo, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako masomo huanza kwa Kiswahili na sekondari husomwa kwa Kifaransa, ilimu ya maneno haya ina uzito wa pekee katika insha ya mtihani wa dola, ulioasisiwa mwaka 1967: mtahiniwa akiulizwa juu ya uchimbaji wa dhahabu, aambiwaye «eleza» atoe sababu na taratibu zake, bali aambiwaye «jadili», amri inayodharauliwa, kwa rai yetu, kuliko zote, hana budi kupima faida na madhara kwa insafu, ndipo akate shauri.