Mad Max: filamu tano, miaka 45, na swali moja: nani ameshika bomba?

Mwaka 1979 George Miller, daktari wa Australia aliyegeukia filamu, alitoa muvi ya bajeti ndogo kuhusu polisi wa barabarani katika nchi inayoporomoka. Leo Mad Max ni mfululizo wa filamu tano, na ya tano imetoka 2024.

Wengi wanazijua kama filamu za magari kugongana. Ni kweli, yanagongana sana. Lakini ukizitazama kwa mpangilio utaona kila moja ina kitu kilichoadimika na mtu aliyekikalia. Hizi hapa moja baada ya nyingine.

1. Mad Max (1979)

Miller aliwahi kuhudumia majeruhi wa ajali hospitalini, na inaonekana. Ajali zake zinauma. Yeye na mtayarishaji Byron Kennedy walitumia chini ya dola nusu milioni za Australia, na filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 100 duniani.

Hapa dunia haijafa. Maduka yapo, wimbi la bahari lipo. Kinachokata roho ni sheria. Max Rockatansky (Mel Gibson, enzi hizo hajulikani) ni polisi mwenye mke na mtoto, mpaka genge la pikipiki la Toecutter linapowagonga barabarani. Inaanza taratibu, ila mwisho wake ni mkali.

2. Mad Max 2 (1981)

Marekani waliiita The Road Warrior. Sasa kilichoadimika ni petroli. Kikundi cha watu kimejifungia kwenye kituo cha mafuta jangwani, na genge la Humungus limewazingira. Max anafika akitaka mafuta ya gari lake tu, hana habari na shida za mtu. Anaishia kuendesha lori lao la mafuta huku akifukuzwa na genge zima.

Hii ndiyo iliyowapa wengine mfano wa kuiga: nguo za ngozi, magari ya kuungaunga, jangwa. Kwa ile ya zamani, hii ndiyo bora.

3. Mad Max Beyond Thunderdome (1985)

Kennedy alifariki kwa ajali ya helikopta mwaka 1983. Miller aliiongoza filamu hii pamoja na George Ogilvie.

Tina Turner ni Aunty Entity, mtawala wa Bartertown, mji wa kubadilishana bidhaa. Nishati ya mji inatokana na gesi ya kinyesi cha nguruwe. Kumbe anayesimamia mtambo chini ya ardhi, Master, anaweza kuuzima akitaka, na mtawala inabidi ampigie magoti. Nusu ya kwanza ni moto. Ya pili, Max akiwa na watoto jangwani, inapoa.

4. Mad Max: Fury Road (2015)

Baada ya miaka 30 Max anarudi kwa sura ya Tom Hardy. Upigaji picha ulipangwa kufanyika Broken Hill, Australia, lakini mvua ilinyesha na jangwa likaota maua. Kazi ikahamia jangwa la Namib, Namibia, mwaka 2012.

Safari hii ni maji. Immortan Joe anafungulia bomba kwa dakika chache, watu wanasukumana na vyombo vyao, kisha anafunga na kuwaonya wasiyazoee maji. Aliyewahi kukesha na dumu kwenye foleni hahitaji kufafanuliwa.

Furiosa (Charlize Theron) anawatorosha wake watano wa Joe. Filamu karibu nzima ni kufukuzana, lakini hupotei hata mara moja. Sifa ziende kwa mhariri Margaret Sixel, mke wa Miller, aliyechambua mamia ya saa za picha. Ilishinda Oscar 6, moja ikiwa ya uhariri.

Usikose hili: Joe amechezwa na Hugh Keays-Byrne, yuleyule Toecutter wa 1979.

5. Furiosa: A Mad Max Saga (2024)

Inarudi nyuma kuonyesha Furiosa alivyotekwa utotoni na jinsi alivyokua. Anya Taylor-Joy anaigiza akiwa mkubwa, Chris Hemsworth ni Dementus, mwizi mwenye maneno mengi. Tunaona ngome tatu: ya maji na chakula, ya petroli, ya risasi. Hakuna inayojitosheleza, na kila mmoja anamshika mwenzake koo.

Kasi yake ni ndogo kuliko Fury Road, na kwenye majumba ya sinema haikuingiza pesa iliyotarajiwa. Lakini kama stori, ndiyo yenye nyama zaidi.

Uanze na ipi?

Anza na Fury Road, kisha Mad Max 2, halafu Furiosa. Mbili zilizobaki ni za atakayenogewa. Watoto wadogo wasiwepo.

Jambo moja la kuangalia: Furiosa na wenzake wanakimbilia nchi ya kijani na kukuta imeshakufa. Max anawashauri wageuze magari, warudi kulekule kwenye maji wakayachukue. Katika filamu zote tano, hapo ndipo bomba linapobadilisha mikono na kufunguliwa kwa wote.