Kima punju anakula nini, na kwa nini anatafuta mkaa?

Mkulima akiona kima shambani, jambo la kwanza linalomjia akilini ni hasara. Lakini kima wote hawali chakula kimoja. Wapo wanaofuata matunda mabivu, na wapo wanaoishi zaidi kwa majani. Katika makala haya tunaeleza chakula cha kima punju wa Unguja na ndugu zake wa bara, ili msikilizaji wetu ajue mnyama aliye mbele yake anatafuta nini.

Kima punju ni nani?

Ni mnyama mwenye mgongo mwekundu, uso mweusi na nywele nyeupe kichwani. Kwao ni Unguja tu, ingawa wachache walipelekwa Pemba miaka ya 1970. Wengi wanaishi Jozani, msitu ambao mwaka 2004 uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilionyesha kuwa wapo zaidi ya 5,800. Neno punju maana yake ni sumu, na zamani wengi walimwogopa kwa harufu yake na kwa imani kwamba anaharibu miti anayoilia.

Tumbo kama la mbuzi

Kima punju ni wa ukoo mmoja na mbega. Tumbo lao limegawanyika vyumba, na ndani yake wanaishi vijidudu vinavyochachusha majani, karibu na inavyokuwa kwa mbuzi au ng'ombe. Ndiyo maana wanaweza kushiba kwa majani ambayo binadamu asingeyaweza.

Hata hivyo, hawali kila jani. Huchagua machipukizi na majani machanga, kwa sababu yana protini nyingi na nyuzi chache. Hula pia maua, vitumba na matunda mabichi. Matunda mabivu yenye sukari nyingi huweza kuchafua tumbo lao, kwa kuwa sukari huchacha haraka na kuleta asidi. Kwa hiyo anayemtupia kima punju ndizi mbivu, mkate au peremende anaweza kumuumiza.

Kima wa kawaida na tumbili ni tofauti. Wao hupenda matunda mabivu, mbegu na wadudu, na wana mifuko mashavuni ya kuwekea chakula. Wakila matunda, huangusha mbegu mbali na mti uliozaa, na hivyo husaidia msitu kuota upya. Lakini hao ndio pia wanaoweza kuingia kwenye mahindi yako.

Mkaa kama dawa

Hapa Gerezani, jirani na soko la Kariakoo, mkaa huuzwa kwa gunia na kwa kopo, na kazi yake inajulikana: kupikia. Kima punju ana kazi nyingine nao. Makundi yanayoishi karibu na mashamba hula majani ya mwembe na mkungu. Majani hayo yana protini, lakini yana pia kemikali kali zinazozuia chakula kusagika vizuri. Watafiti walioandika mwaka 1997 walieleza kuwa kima hawa huokota mkaa kwenye visiki vilivyoungua na kwenye matanuri, wakautafuna. Mkaa hunasa kemikali hizo tumboni, na protini inabaki kwa mnyama.

Hospitali nazo hutumia mkaa uliotengenezwa maalumu kwa baadhi ya wagonjwa waliomeza sumu. Mkaa wa jikoni si dawa hiyo. Aliyemeza sumu awahishwe hospitali.

Je, anamaliza nazi?

Wakulima wa karibu na Jozani walilalamika kwamba kima punju anakula vidaka na kupunguza mavuno ya nazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulilinganisha vidaka vilivyoliwa na nazi zilizovunwa. Haukukuta kwamba mavuno yanapungua. Palipoliwa zaidi, mavuno yalielekea kuwa makubwa zaidi. Mkulima wa minazi anaweza kuelewa sababu: mnazi wenyewe hupukutisha vidaka vingi usivyoweza kuvilea. Kima anapopunguza baadhi, vilivyobaki hupata nafasi ya kukomaa.

Msitu ukikatwa

Milima ya Udzungwa, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992, ina mbega wekundu wake wenye tumbo la namna hiyo hiyo. Wanyama wa aina hii wanahitaji miti mingi ya aina mbalimbali, maana kila mti huchipua kwa wakati wake. Ikibaki miti michache, kuna miezi watakosa machipukizi.

Mkaa wa majiko ya Dar es Salaam hutoka kwenye misitu ya mikoa kama Pwani na Morogoro. Kila tanuri linaanza na mti uliokuwa na majani. Unapochagua mti wa kukata na wa kuacha, tunakushauri uache miti mikubwa inayochipua na kuzaa, hasa ile iliyo pembezoni mwa msitu. Kima akipata chakula msituni, ana sababu ndogo ya kuja shambani kwako.