Mtoto wa Jicho: Kutoka Sindano ya Kale hadi Miale ya Leza

Msikilizaji, mwaka 1968 ulikuwa mwaka mzito hapa Washington. Tarehe 4 Aprili, Mchungaji Martin Luther King aliuawa mjini Memphis, na usiku huohuo ghasia zikalipuka katika mitaa ya watu weusi ya jiji hili, ikiwemo ile iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Howard. Mwezi uliofuata, maelfu ya maskini kutoka kila pembe ya Marekani walipiga kambi ya mbao na maturubai karibu na mnara wa kumbukumbu ya Abraham Lincoln, wakiidai serikali kazi na makazi. Miongoni mwa waliowatibu bila malipo katika kambi hiyo walikuwa wanafunzi wa udaktari wa Howard, wakiongozwa na mwanamke kijana mzaliwa wa Harlem, New York. Jina lake ni Patricia Bath. Miaka 20 baadaye, tarehe 17 Mei 1988, alipewa hataza ya kifaa cha kuondoa mtoto wa jicho kwa miale ya leza, akawa daktari wa kwanza mwanamke Mmarekani mweusi kupata hataza ya chombo cha tiba.

Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia katika lenzi iliyo nyuma ya mboni, hasa kwa sababu ya uzee, ingawa kisukari, jeraha la jicho na matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa huweza kuuharakisha. Waarabu wa zamani waliuita maji yanayoshuka jichoni, na neno la Kilatini wanalotumia Wazungu lina maana ya maporomoko ya maji. Wote walidhani kuna kimiminika kinachodondoka mbele ya mboni. Walikosea kuhusu chanzo, lakini hawakuogopa kuingiza sindano.

Kwa zaidi ya miaka elfu mbili, tiba ilikuwa kuchoma jicho na kuisukuma lenzi iliyoharibika ishuke chini, mwanga upate njia. Wahindi waliieleza katika vitabu vinavyonasibishwa na tabibu Sushruta. Takriban miaka elfu moja iliyopita, tabibu Ammar ibn Ali, mzaliwa wa Mosul aliyefanya kazi Cairo, aliandika jinsi alivyofyonza mtoto wa jicho kwa sindano yenye tundu. Mgonjwa aliyebahatika aliinuka akiona vidole vya mganga wake, na mganga akapokea ujira wake na kuondoka. Usaha na maumivu vilikuja baadaye. Mtunzi mashuhuri wa muziki, Johann Sebastian Bach, alipasuliwa mara mbili mwaka 1750 mjini Leipzig na tabibu msafiri wa Kiingereza, John Taylor. Hakupata kuona tena, na tarehe 28 Julai mwaka huohuo alifariki dunia.

Mfaransa Jacques Daviel ndiye aliyebadili mkondo. Mwaka 1747 alikata jicho na kuitoa nje lenzi yenye ukungu badala ya kuisukuma. Hata hivyo, jicho lisilo na lenzi ni kama kamera isiyo na kioo chake, na kwa miaka mia mbili iliyofuata waliopona walilazimika kuvaa miwani mizito.

Miwani hiyo naijua. Bibi yangu alipasuliwa jicho katika miaka ya 1980, katika hospitali ambayo sitaitaja, na akarudi nyumbani na miwani minene kama kitako cha chupa. Vitu vyote alivyoviona vilikuwa vikubwa kupita kiasi, na mara nyingi mkono wake ulikipita kikombe alichotaka kukishika. Siku mjukuu mmoja alipoikalia miwani ile, bibi alirudi gizani. Katika daftari la hospitali aliandikwa kuwa amepona.

Jibu la tatizo hilo lilitokana na vita. Daktari Mwingereza Harold Ridley, ambaye alikuwa amefanya kazi Ghana wakati wa Vita Vikuu vya Pili na kuandika juu ya upofu wa mtoni, aliwatibu marubani waliorukiwa machoni na vipande vya plastiki kutoka vioo vya ndege zao. Aliona kwamba plastiki ile ilikaa ndani ya jicho bila kuliudhi. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, alianza upasuaji wa kumwekea mgonjwa lenzi ya plastiki. Alilifanya jambo hilo kwa siri, akalitangaza mwaka 1951. Lenzi ya kwanza ilikuwa na nguvu kupita kiasi, na mgonjwa yule akabaki haoni mbali bila miwani mikali. Wakubwa wa taaluma walimpinga Ridley vikali, na lazima tukiri kwamba baadhi ya hofu zao zilikuwa na msingi, kwa kuwa lenzi za mwanzo ziliteleza na kuwasha macho. Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ilianza kuidhinisha lenzi hizo mwaka 1981. Ridley alipewa heshima ya Sir mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, baada ya yeye mwenyewe kuwekewa lenzi.

Mwaka 1967, Charles Kelman wa New York, akiwa ametazama chombo cha daktari wake wa meno, alianza kuivunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuifyonza kupitia tundu dogo. Jeraha likawa dogo, na mgonjwa aliyekuwa akilazwa siku nyingi sasa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Tumrudie Patricia Bath. Alipotoka Howard alifanya kazi katika hospitali ya Harlem na kliniki ya Chuo Kikuu cha Columbia, zote katika jiji moja. Kule Harlem nusu ya wagonjwa wa macho walikuwa vipofu au wenye uoni hafifu. Columbia walikuwa wachache mno. Alichunguza takwimu akakuta upofu miongoni mwa weusi ni mara mbili ya ule wa weupe, na sababu kubwa ni kukosa huduma. Akawashawishi maprofesa wake waende Harlem kupasua bila kudai ujira. Mwaka 1976 alishiriki kuanzisha, hapa Washington, Taasisi ya Marekani ya Kuzuia Upofu, kwa msingi kwamba kuona ni haki ya kila binadamu. Chuoni Los Angeles alipewa ofisi chini ya jengo, karibu na wanyama wa maabara. Aliikataa, akapewa nyingine. Chombo chake cha leza alikifanyia utafiti hadi Berlin. Ukweli ni kwamba leo madaktari wengi bado wanatumia mawimbi ya sauti ya Kelman, lakini hoja ya Bath kuhusu nani anapasuliwa na nani anaachwa haijapata mpinzani.

Matokeo ya upasuaji huu ni mazuri kwa walio wengi, lakini hauna kinga dhidi ya madhara. Kifuko cha lenzi kinaweza kupasuka, konea ikavimba, retina ikabanduka. Linaloogopwa zaidi ni vijidudu kuingia ndani ya jicho. Ni jambo la nadra, lakini linaweza kuliua jicho kwa siku chache. Utafiti wa nchi kadhaa za Ulaya uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kudunga dawa ya cefuroxime ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji hupunguza hatari hiyo takriban mara tano. Wengine huona ukungu tena baada ya miezi au miaka wakadhani ugonjwa umerudi, kumbe ni kifuko kilichofifia, nacho hutobolewa kwa leza kwa dakika chache. Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo: angalau wagonjwa 80 kati ya 100 waone vizuri, na wanaobaki na uoni mbaya wasifike zaidi ya 5.

Kwetu Afrika Mashariki lenzi zilichelewa kwa sababu ya bei. Kiwanda kilichofunguliwa Madurai, India, mwaka 1992, na kingine Asmara, Eritrea, mwaka 1994, viliishusha hadi kiasi ambacho hospitali za misheni na za serikali ziliweza kumudu. Watafiti waliofanya kazi Moshi, Tanzania, walikuta kikwazo kingine: wanawake hupasuliwa kwa kiwango kidogo kuliko wanaume, kwa kuwa nauli na ruhusa ya safari mara nyingi ziko mikononi mwa mume au mtoto wa kiume.

Shangazi yangu alikaa miaka mitatu akiwasubiri wanawe wakubaliane nani atampeleka. Upasuaji wenyewe haukufika nusu saa. Kesho yake bendeji ilipofunguliwa alinipigia simu hapa Washington kunilalamikia utando wa buibui uliojaa darini kwake, na kuuliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Jicho la pili bado linangoja.